Ski ya slalomu na mabuti yake: kuchagua, kufunga na kurekebisha kwa maji ya Mombasa

Ski ya slalomu, ya kuteleza juu ya maji ukivutwa na boti, ni moja na miguu yote miwili hufungwa juu yake, mmoja mbele na mwingine nyuma. Kwa sababu hiyo makosa ya kuchagua hayasamehewi kama kwenye ski mbili. Ski ikiwa ndogo, hutoki majini. Buti likiwa kubwa, kisigino kinapanda kila ukigeuka. Buti moja likiachia na jingine likang'ang'ania, kifundo cha mguu ndicho kinacholipa.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari anateleza kwa ski mbili bila taabu na sasa anatafuta ya kwake moja, mpya au ya mkono wa pili, aifunge mwenyewe na kuipeleka baharini.

Uzito, mwendo na injini

Usianze na chapa wala rangi. Anza na mizani. Urefu wa ski huandikwa kwa inchi, nao unategemea kilo zako na mwendo wa boti itakayokuvuta. Maji hukubeba kwa nguvu ya mwendo, kwa hiyo boti ikienda polepole unahitaji ski kubwa zaidi ili ubebwe uzito uleule. Kwa mwendo wa kilomita 42 hadi 48 kwa saa, ambao unawatosha wengi wanaoanza, makadirio ni haya:

- kilo 45 hadi 60: inchi 63 hadi 65 (sentimita 160 hadi 165)
- kilo 60 hadi 75: inchi 65 au 66 (sentimita 165 au 168)
- kilo 75 hadi 90: inchi 67 au 68 (sentimita 170 au 173)
- zaidi ya kilo 90: inchi 69 (sentimita 175) au zaidi, au ski pana ya urefu huo

Kila kiwanda kina jedwali lake, na jedwali la ski unayoinunua ndilo la kufuata. Ukijikuta mpakani, chukua ndefu. Ndefu itageuka polepole kidogo, lakini fupi itakuacha ukiburutwa kifua kikiwa ndani ya maji mpaka mikono ishindwe. Anayeteleza kwa kilomita 51 hadi 55 kwa saa anaweza kushuka saizi moja.

Halafu itazame boti yenyewe. Nyingi za mwambao wetu ni za fibaglasi, injini imetundikwa nyuma, na zilijengwa kwa uvuvi au kwa kutembeza wageni. Hazina mvuto wa ghafla wa boti maalumu za ski, ambazo injini yake iko ndani na nguzo ya kamba iko katikati. Injini ya nguvu farasi 40 itamtoa mtoto majini vizuri, lakini mtu mzima mwenye ski moja nyembamba atateseka. Kama boti unayoitegemea ni ya aina hiyo, nunua ski pana yenye tumbo bapa. Itapanda juu ya maji mapema, boti ikiwa bado inakusanya mwendo.

Ipindue ski uone upande wa chini. Kuna bonde linalopita kwa urefu, tuliite mvungu. Mvungu wa kina unauma maji na kushika ukingo unapovuta kuelekea pembeni, ila unadai mwendo na miguu yenye nguvu. Mvungu wenye kina kidogo, au ulioanzia nusu ya nyuma tu, ni mpole zaidi: ski inateleza, inasamehe, inageuka hata ukiwa umesimama vibaya. Kisha ilaze juu ya meza iliyonyooka uone jinsi ncha na mkia vinavyoinuka. Mbinuko mkubwa hurahisisha kugeuka lakini hupunguza kasi.

Ski za mashindano zimetengenezwa kwa ajili ya kitu mahususi sana: njia ya mita 259 yenye maboya 6 ya kuzunguka, kila boya likiwa mita 11.5 kutoka mstari wa katikati, boti ikienda kilomita 58 kwa saa kwa wanaume na 55 kwa wanawake. Kama huzunguki maboya hayo, ski hizo zitakuchosha bure. Ni bidhaa nzuri, na ukiuziwa kwa bei ya chini utashawishika. Usiichukue kwa sababu ya bei.

Mguu gani uende mbele

Watu hupenda kumsukuma mtu mgongoni ghafla waone anatanguliza mguu upi. Jaribio hilo hukosea mara nyingi. La kuaminika hufanyika majini: ukiwa juu ya ski mbili, katikati ya mawimbi mawili ya boti ambako maji yametulia, piga magoti kidogo, inua ski moja juu ya maji kwa sekunde 3, ishushe, kisha inua nyingine. Rudia mara kadhaa. Mguu unaobaki majini bila kutetemeka ndio wa mbele. Ujue hili kabla ya kununua, kwa maana mabuti mengi yana la kushoto na la kulia, na bamba la kushikilia buti lililotobolewa kwa mguu wa kushoto halimfai wa kulia bila kazi ya ziada.

Ski ya mkono wa pili

Wengi hapa hununua iliyokwisha kutumika. Ikague hivi, na usione haya kuchukua nusu saa.

Igonge kwa sarafu kuanzia ncha hadi mkia, juu na chini. Sauti iwe kavu na ya namna moja. Mahali inapogeuka kuwa butu, kama kugonga embe lililoiva, tabaka limeachana na povu la ndani. Bonyeza kwa kidole gumba kuzunguka matundu ya skrubu. Pakibonyea, kiini kimelowa. Kama muuzaji ni mtu wa karibu, omba uiache wima usiku kucha juu ya gazeti, skrubu zote zikiwa zimetolewa. Asubuhi ukikuta doa la maji ya kahawia, mrudishie kwa heshima.

Kisha ingiza skrubu katika kila tundu kwa vidole. Ndani ya kila tundu kuna nati ya chuma iliyozikwa kwenye ski. Nati ikizunguka pamoja na skrubu, imeng'oka, na ski hiyo haifai kubeba mtu mpaka fundi wa fibaglasi aizike upya kwa epoksi ya baharini. Nyuzi zikiwa zimelika lakini nati imekaa imara, fundi mashine anaweza kuweka nyuzi mpya za chuma ndani yake. Jua bei ya kazi hiyo kabla hujakubaliana bei ya ski.

Mpira wa mabuti ya zamani hukauka kwa jua la pwani. Ukunje kwa vidole. Ukiona nyufa ndogondogo kwenye mkunjo, hesabu kwamba unanunua ski bila mabuti.

Mabuti

Hapa ndipo pesa ziende. Ski ya kawaida yenye mabuti yanayokaa vizuri inashinda ski ya bei kali yenye mabuti yanayocheza.

Kwa mguu wa mbele kuna aina tatu. La kwanza ni buti la mpira laini lisilo na kamba, unaloingia kwa kuteleza na kuvuta. Mguu hutoka kwa sababu mpira unanyumbuka. La pili ni buti la kamba, lenye ulimi na ganda laini, linalokazwa kadiri ya mguu. La tatu ni buti gumu, linalofanana na la ski za theluji, ambalo mguu haung'oki ndani yake: buti zima hufyatuka kutoka kwenye ski nguvu ikizidi kiasi kilichopangwa.

Kwa mguu wa nyuma chaguo ni mbili: buti kamili kama la mbele, au nusu-buti, yaani bamba lenye ukanda wa mpira unaoshika sehemu ya mbele ya mguu huku kisigino kikiwa wazi.

Anayeanza tunampendekezea buti la kamba mbele na nusu-buti nyuma. Mguu wa nyuma unaingia na kutoka bila ugomvi, na ukianguka hutoka mapema. Mabuti mawili kamili yana faida yake: miguu inakaa pamoja wakati wa kutoka majini na ski haitapitapi. Lakini yana sharti zito. Ama yaachie yote mawili kwa pamoja, ama yashike yote mawili. Buti la mbele likiachia huku la nyuma limeshika, ski inageuka kuwa wenzo wa zaidi ya mita moja na nusu unaoning'inia kwenye mguu mmoja, na maji yanausokota. Mishipa ya kisigino hukatika hivyo, na mifupa ya mguu huvunjika hivyo.

Kwa hiyo usichanganye buti gumu linalofyatuka mbele na buti kamili lisilofyatuka nyuma. Usikaze kamba za mbele kwa nguvu na kuacha za nyuma zimelegea. Kama mabuti magumu mawili yamefungwa juu ya bamba moja linalofyatuka lote, yaache hivyo. Usitenganishe kwa kuwa ulipata bamba jingine la bei nafuu.

Kujaribu dukani, nenda jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa shughuli za siku. Vaa bila soksi. Ukisimama wima, vidole vigusane kidogo na mwisho wa buti. Ukikunja goti mpaka lipite juu ya vidole, virudi nyuma visiguse tena. Mtu akushikie buti chini na wewe uinue kisigino: kikipanda zaidi ya nusu sentimita, buti ni kubwa. Likiwa kubwa dukani litakuwa kubwa zaidi majini, maana likilowa hulegea. Mwisho, kaza kama utakavyokaza baharini, kisha jaribu kuutoa mguu kwa nguvu zako mwenyewe bila kufungua kamba. Utoke kwa juhudi. Usipotoka kabisa, umekaza mno.

Nusu-buti lishike mguu mpaka katikati ya unyayo. Likiishia kwenye vidole tu, mguu utachomoka kila unapovuka wimbi la boti. Likipanda mpaka kwenye kifundo, halitakuachia.

Kuingiza mguu kwenye mpira, changanya sehemu moja ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo na sehemu nne za maji kwenye chupa ndogo. Usitumie vaselini wala mafuta ya nazi. Mafuta hulainisha mpira kwa muda kisha huulegeza na kuuharibu.

Skrubu: hapa wengi huharibu ski nzuri

Ski nyingi, hasa zilizotengenezwa Marekani, zina nati za robo inchi zenye nyuzi 20 kwa kila inchi. Maduka ya vifaa mjini yamejaa skrubu za milimita 6. Ukiziweka mbili hizo mkononi, jicho haliwezi kuzitofautisha. Robo inchi ni milimita 6.35, na umbali kati ya nyuzi zake ni milimita 1.27, ya milimita 6 ni nyembamba kidogo, na umbali wa nyuzi zake ni milimita 1. Itaingia mizunguko miwili mitatu, itakwama, ukiisukuma zaidi itakata nyuzi za nati. Muuzaji akikwambia, "Hii ya sita itaingia tu, kaka," mshukuru na uiache. Nenda dukani na skrubu ya zamani mfukoni, uifananishe nyuzi kwa nyuzi: zilaze mbili pamoja, meno kwa meno, uziinue kuelekea kwenye mwanga. Mwanga usipite katikati.

Chuma kiwe kisichoshika kutu cha daraja la 316, ambacho kichwani huandikwa A4. A2 inafaa maji yasiyo na chumvi. Kwa bahari yetu hudumu muda mfupi. Chuma kilichopakwa zinki kisikaribie ski kabisa. Sumaku itakusaidia: ikinasa kwa nguvu, hicho si chuma unachokitaka.

Urefu upime kwa kijiti cha mishkaki. Kitumbukize kwenye nati mpaka kiguse chini, weka alama kwa kalamu mahali kinapotokea, kipime. Ongeza unene wa bamba na wasa, kisha punguza milimita 2. Huo ndio urefu wa skrubu chini ya kichwa. Ikizidi, itasukuma sakafu ya nati na kutoboa tumbo la ski. Utaona kivimbe kidogo upande wa chini, na hapo maji yataingia. Ikipungua, itashika nyuzi chache na kuzing'oa. Ihesabu inapoingia: angalau mizunguko 5 kamili kabla haijakaza.

Kufunga, hatua kwa hatua

Vifaa: bisibisi ya msalaba namba 3, alenki ndogo (funguo za pembe sita) za pezi lililo mkiani, futi ya chuma, penseli, kitambaa, grisi ya baharini, wasa za plastiki. Bisibisi ya namba 2, ambayo ndiyo iliyo kwenye kila nyumba, huteleza na kula kichwa cha skrubu. Drili ya umeme iache kabatini.

1. Laza ski juu ya mkeka au taulo, tumbo chini, pezi likining'inia nje ya ukingo wa meza lisibebe uzito. Pangusa mchanga wote. Punje moja chini ya bamba inatosha kulipindisha.

2. Tafuta kipimo cha kiwanda cha buti la mbele. Hupimwa kutoka mwisho wa mkia hadi nyuma ya kisigino. Kwa ski ya inchi 67 huwa karibu sentimita 75. Fupi zaidi hupungua, ndefu huongezeka. Hakikisha kama kiwanda kinapima hadi ukuta wa ndani wa buti au wa nje, maana tofauti ni karibu sentimita moja na inatosha kuharibu kila kitu.

3. Weka bamba la mbele kwenye matundu ya katikati, ili baadaye uwe na nafasi ya kusogeza mbele na nyuma. Pima. Chagua tundu linalokaribia kipimo zaidi.

4. Paka grisi kidogo sana kwenye nyuzi za kila skrubu. Skrubu ya chuma, bamba la alumini na maji ya chumvi vikikutana huzaa unga mweupe unaogandisha skrubu mpaka ikatike. Wasa ya plastiki na grisi huvitenganisha. Usitumie gundi ya kukaza nyuzi. Baadhi yake hupasua bamba la plastiki.

5. Ingiza skrubu zote kwa vidole kwanza. Inayokataa kwa vidole imeingia upande. Itoe, zungusha kinyume mpaka uisikie ikidondoka kwenye uzi wake, ndipo uanze tena.

6. Kaza kwa msalaba: moja ya mbele kushoto, ya nyuma kulia, ya mbele kulia, ya nyuma kushoto. Nusu nusu, kwa raundi tatu. Wasa ikianza kubonyea, simama.

7. Weka la nyuma. Ukiwa umevaa buti la mbele, vidole vya mguu wa nyuma vikaribie kisigino cha mbele, nafasi ya sentimita 1 au 2. Nafasi kubwa inakulazimisha kusimama kama mtu anayepanda ngazi, na uzito unabaki mkiani.

8. Simama juu ya zulia ukiwa umevaa yote mawili, piga magoti, utazame chini. Goti la mbele lielekee kwenye ncha. Likielekea pembeni, legeza skrubu, zungusha bamba kiasi kidogo ndani ya nafasi ya matundu, kaza tena. Mguu wa nyuma unaweza kugeukia nje kidogo kama nyonga yako inataka hivyo.

Andika vipimo vyote kwa kalamu isiyofutika juu ya utepe, uubandike ndani ya mfuko wa ski. Bila hivyo hutajua ulitoka wapi.

Pezi

Pezi ni bamba la alumini mkiani, limeshikwa na kibano chenye skrubu ndogo za alenki. Lina vipimo vitatu: urefu, kina, na umbali wake kutoka mwisho wa mkia. Kwa ski nyingi za watu wazima urefu ni karibu milimita 173, kina karibu 63, na umbali kutoka mkiani 19 au 20. Wanaojua hulirekebisha kwa robo ya milimita, wakipima kwa kalipa, kipimo chenye taya mbili. Anayeanza asiliguse. Liweke kwenye kipimo cha kiwanda na uliache msimu mzima.

Unachopaswa kufanya ni kuhakikisha limenyooka. Simamisha rula pembeni mwake utazame mwanga. Pezi hupinda kwa urahisi kwenye mafungu ya mchanga maji yakiwa yamekupwa, na pezi lililopinda hata milimita moja huvuta ski upande mmoja. Utalaumu mguu wako wiki nzima. Lina makali pia, kwa hiyo lifunike unapobeba ski kwenye matatu au nyuma ya gari.

Baadhi ya mapezi yana bawa dogo lililolala, kwa pembe ya digrii 7 hadi 9 kwa kawaida. Kazi yake ni kuipunguzia ski kasi unapokaribia kugeuka. Kwa mwendo wa chini ya kilomita 48 halina msaada mkubwa. Unaweza kulitoa ili utoke majini kwa urahisi.

Wakati na mahali pa kujaribu

Marekebisho hayapimiki kwenye maji yaliyochafuka. Hori ya Mtwapa na sehemu za ndani za hori ya Tudor hulindwa dhidi ya mawimbi ya bahari kuu, ila haziepuki upepo. Nenda asubuhi na mapema kabla upepo haujaamka, iwe msimu wa kaskazi au wa kusi. Maleleji, kati ya misimu hiyo miwili, ndiyo zawadi ya mwenye ski.

Tazama jedwali la maji kabla ya yote. Wakati wa bamvua, siku za maji makubwa, maji ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na fungu lililokuwa salama saa moja asubuhi linaweza kuwa sentimita 40 chini yako saa nne. Chagua siku za maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo, au saa moja kabla na saa moja baada ya maji kujaa, ambapo mkondo umetulia. Mlango wa Kilindini na njia ya feri ya Likoni si mahali pa ski kabisa. Meli haiwezi kusimama kwa ajili yako. Ndani ya hori kuna mitumbwi na nyavu. Nahodha apite mbali na apunguze mwendo, na kwenye boti awepo mtu wa pili ambaye kazi yake ni kukutazama wewe tu.

Jaketi la kuokolea maisha livaliwe na lifungwe vizuri kila mara. Kamba iwe ya kuelea, isiyonyumbuka, mita 23 kwa kuanzia. Ya mashindano huanzia mita 18.25. Kamba ya nailoni ya kufungia boti hunyumbuka na ikikatika hurudi kama mjeledi.

Ukisharudi kutoka mzunguko wa kwanza

Kwanza kaza skrubu zote tena. Bamba hukaa sawasawa baada ya kulowa na kukanyagwa, na skrubu ambayo jana ilikuwa imekaza leo inazunguka robo.

Kisha jiulize ski ilifanya nini, na ubadilishe kitu kimoja tu. Rudia mizunguko 4 au 5 kabla ya kubadilisha kingine.

Ncha ikikaa juu sana, ski ikichelewa kugeuka na mkia ukifagia maji, sogeza mabuti yote mawili mbele kwa tundu moja, karibu milimita 6. Yote mawili, ili nafasi kati yake isibadilike. Ncha ikizama na kukuangusha kifudifudi unapomaliza kugeuka, yarudishe nyuma kiasi hichohicho.

Ikigeuka vizuri upande mmoja na vibaya upande wa pili, usiguse mabuti bado. Karibu kila mtu ana upande mgumu. Angalia pezi kama limenyooka, angalia kama bamba la mbele limezunguka kidogo, kisha mwambie aliye botini atazame bega lako: mara nyingi limeanguka ndani.

Ukishindwa kutoka majini, mwombe nahodha avute polepole zaidi mwanzoni, magoti yako yakiwa kifuani na mikono imenyooka. Wengi huvuta mpini kuelekea tumboni. Hapo ski inasimama wima na kuwa ukuta dhidi ya maji. Ikiwa baada ya majaribio sita hivi bado unaburutwa, ski ni ndogo kwa boti hiyo. Azima iliyo pana zaidi kabla hujatupa pesa kwenye mabuti mapya.

Chumvi

Siku hiyohiyo, kabla ya chai, osha ski kwa maji ya bomba au ya kisima yasiyo na chumvi. Ndoo moja inatosha ukianza na kibano cha pezi, kisha vichwa vya skrubu, kisha ndani ya mabuti. Fungua kamba kabisa, vuta ndimi nje. Kausha kivulini penye upepo. Ski iliyoachwa juu ya paa la gari jua la saa saba huvimba ndani, na tabaka huanza kuachana bila wewe kuona.

Kila mwezi toa skrubu za buti moja moja, zipanguse, zipake grisi upya, urudishe. Skrubu za kibano cha pezi ndizo husahaulika: ni ndogo, na zikiganda alenki huzungusha tundu likawa duara. Zilegeze robo mzunguko na kuzirudisha kila baada ya wiki mbili, moja baada ya moja, bila kulegeza zote kwa pamoja, ili pezi lisitoke kwenye kipimo chake.